Kofia ya Nyumba Isiyolipiwa

Cherehani ya mke wangu ilikuwa imewekwa rehani. Nianze hapo, kwa sababu anayetaka kunihukumu kwa nililofanya juu ya lile paa anihukumu akijua hilo. Ilikaa nyuma ya kaunta ya duka la mabati mjini Kericho, kati ya magunia ya saruji na makopo ya rangi, na juu yake mwenye duka alibandika kikaratasi chenye siku ya mwisho: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, duka linapofungwa. Ikipita saa hiyo angeiuza. Wanunuzi wasingekosekana, maana cherehani ya kukanyaga kwa mguu ilikuwa mali siku hizo, tena ya mke wangu ilikuwa haijapoteza hata skurubu moja.

Mimi ni fundi wa nyumba. Nilitoka upande wa Kisii nikiwa kijana, nikaajiriwa katika idara ya majengo ya shamba moja kubwa la chai, nikatengeneza nyumba za wachumaji mpaka nikachoka kupaka chokaa kuta zilezile kila mwaka. Nikaacha, nikaanza kujitafutia. Tulipanga chumba sokoni Mogogosiek. Mke wangu akashona barazani, mimi nikajenga vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na mapigano, na watu wengi wa kwetu walifunga mizigo wakarudi nyumbani. Sisi tulibaki. Lakini mtu aliyebaki kwa watu hujifunza kumeza maneno, na mimi nimeumbwa na koo jembamba. Hasira yangu mke wangu ndiye aliyekuwa akiimaliza, kwa kuniacha niongee peke yangu mpaka nijione mjinga.

Pale shambani msimamizi wetu wa majengo alikuwa mtu wa kusoma. Siku moja tukinywa chai alitueleza kwamba kuna nchi ambako fundi asiyelipwa huandikisha dai lake juu ya nyumba yenyewe, serikalini, na hata aliyetoa mbao na mabati huandikisha lake. Mwenye nyumba hawezi kuuza wala kukopea hiyo nyumba mpaka amalizane nao. Wenzangu walicheka, wakasema huko basi hata kuku wana kitambulisho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajenga nyumba tatu za watu ambao walihamia ndani, wakafunga mlango, wakaanza kuniamkia wakiwa mbali.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya nyumba hii ninayoisimulia nilijihami mapema. Mwenye nyumba alikuwa mkulima wa chai ng'ambo ya kijito, mtu wa makamo mwenye mashavu ya mtu aliyelala vizuri. Alitaka nyumba ya mbao ya vyumba vinne, sakafu ya saruji, na mabati mapya. Alitoa pesa za mbao na nusu ya ufundi. Mabati hakuwa nayo.

"Fundi," aliniambia, "wewe ni mtu yetu. Ponasi ikitoka, wewe ndiyo wa kwanza. Hata mama yangu atakuwa wa pili."

Bonasi, malipo ya ziada ya chai ambayo wenyeji huyatamka ponasi, hutoka mara moja kwa mwaka, na kule deni lolote, hata la kanisa, huambiwa lisubiri bonasi. Nilikubali, ila nikatoa daftari. Tuliandika mistari mitatu: kwamba mabati yote na kofia yake ni mali ya fundi mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Kofia ni yale mabati yaliyokunjwa katikati yanayoziba mgongo wa paa. Bila kofia, paa lina ufa kutoka mwisho hadi mwisho. Alitia sahihi. Jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa mzee wa kijiji, akatia kidole gumba.

Mimi ndiye niliyekwenda kuchukua mabati kwa mkopo. Mwenye duka aliangalia daftari langu, akasema hilo ni shairi, yeye anataka kitu cha kushika. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mke wangu alinisikiliza, akatoa kitambaa alichokuwa akishona, akakata nyuzi, akasema, "Ipeleke. Lakini Januari sare za shule zinikute nayo." Tuliibeba wawili mpaka barabarani.

Nilimaliza paa lile kwa wiki mbili. Siku ya mwisho mwenye nyumba alisimama chini akiwa amefunika macho kwa kiganja, akaniomba nimwekee kitu pale juu katikati, kama cha nyumba za zamani. Nilijua anachotaka. Nilikata kipande cha bati kilichobaki, nikakikunja kikawa mkuki mdogo wenye ncha, nikakipigilia katikati ya kofia. Sikumtoza chochote. Alifurahi sana. Akamwita mama yake kutoka kwenye chai aje aone, na yule mwanamke mzee, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya, alisimama na kikapu mgongoni akakitazama muda mrefu, akarudi kwenye chai.

Bonasi ilitoka. Nilijua siku hiyohiyo, kwa sababu bucha zote za soko zilikuwa na foleni. Nilimwendea mwenye nyumba kesho yake, akaniambia kiwanda kimekata pesa ya mbolea, nije wiki ijayo. Wiki iliyofuata alikuwa ameenda Chebunyo kuangalia ng'ombe. Wiki ya tatu nilimkuta, akanikaribisha maziwa ya mursik, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, na nilipotaja deni akatikisa kichwa kwa huzuni, utadhani ni la mtu mwingine.

Nikakumbuka yale ya msimamizi. Nilivaa shati safi nikaenda ofisi ya ardhi. Karani wa pale alinisikiliza vizuri, nasema kweli.

"Unataka kuweka koshon," akasema. "Kizuizi. Asiuze shamba mpaka akulipe."

"Hiyo hiyo."

Alipekua faili kubwa, akateremsha kidole, akanitazama juu ya miwani. "Huyu mwenye hii shamba ndiyo amekukopa?"

Akasoma jina. Lilikuwa la marehemu baba wa mwenye nyumba. Mtu alikufa miaka mingi iliyopita, watoto wakagawana mistari ya chai kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kubadilisha hati.

"Sasa unataka kuzuia marehemu asiuze?" karani akaniuliza. "Huyo ameshazuiwa."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nilicheka nao, maana ukikataa kucheka unachekwa zaidi. Naibu wa chifu naye aliniambia nivumilie, mambo ya majirani yasifike kituo cha polisi. Hiyo ilikuwa Jumatano. Zilibaki siku tatu.

Ijumaa asubuhi nilivuka kijito kwenda kumwomba kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeamua kupiga magoti, Mungu ananiona. Njiani pikapu ikanipita polepole. Ilikuwa imebeba makochi mapya, seti nzima, yenye maua mekundu, bado yamefungwa nailoni. Nikauliza yanapelekwa wapi. Dereva akanionyesha kwa kidevu: kwenye paa langu. Kesho yake binti wa mwenye nyumba alikuwa anakuja kuposwa, sherehe ile wenyeji wanayoiita koito, na wageni walitoka mbali, hata Merigi. Kwa hiyo bonasi ilikuwa imekalia maua mekundu.

Sikupiga magoti. Nilirudi nyumbani, nikachukua mfuko wa vyombo, nikavuka tena.

Nilipofika makochi yalikuwa yameshaingizwa ndani na mwenye nyumba alikuwa ameenda na pikapu Litein kununua soda na mchele. Hakuna aliyekuwapo ila Kogo, naye alikuwa chini huko kwenye chai akichuma na wanawake wawili. Ngazi niliyoiunda mimi mwenyewe wakati wa ujenzi ilikuwa bado imeegemezwa ukutani. Nilipanda. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Mabati yote singeweza kuyang'oa peke yangu, na singetaka pia. Niliona huo ungekuwa ukatili. Kofia tu. Kule kwenye chai mvua hainyeshi kwa kubahatisha, saa tisa hivi iko. Maji yakidondoka juu ya maua mekundu, mwenye nyumba angenitafuta yeye. Nilijiona mtu wa haki na huruma. Nilipanua miguu juu ya mgongo wa paa, nikaanzia katikati, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa ule mkuki. Ulikuwa unanizuia kufikia misumari. Niliung'oa, nikauchomeka kwenye mshipi.

Nilikuwa nimeshatoa vipande vitatu vya kofia niliposikia sauti kutoka kwenye chai.

Sijui niielezeje. Haikuwa kelele ya mtu anayemwita mwizi. Ilikuwa ile ya matanga, inayoanza chini na kupanda, na wale wanawake wawili wakaidaka. Kogo alikuwa amesimama katikati ya mistari ya chai, mikono kichwani, anatazama kileleni pa nyumba ambapo hapakuwa na kitu.

Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya, na ninachojilaumu mpaka leo ni kwamba nilikuwa nakijua. Kwetu Kisii pia desturi hiyo ipo. Nyumba ya mwanamume ilikuwa na kijiti kileleni, na kijiti hicho kilisimama maadamu mwenyewe yu hai. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka tisa, na nilisimama uani nikimwona ami yangu akipanda juu ya nyasi na kukivunja. Mlio wake naukumbuka. Lakini huo ulikuwa mti, juu ya nyasi. Huu ulikuwa bati, kipande nilichokata mwenyewe kutoka kwenye makombo, na akili yangu ya fundi ilikuwa imeuandika pamoja na misumari. Nilikuwa nimepanda juu ya nyumba ya mtu aliye safarini nikatangaza kwamba amekufa.

Watu walianza kutoka kila upande. Wachumaji na vikapu vyao, wanaume na panga za kukatia majani ya ng'ombe, mama mmoja na mwiko mkononi. Kogo alifika uani, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kwenye udongo.

"Nani amekufa kwa poma yangu?" akauliza. "Mniambie. Ni gari?"

Kila mtu alijua mwenye nyumba ametoka na pikapu. Ikawa ni gari. Kabla sijafungua kinywa habari ilikuwa imeshavuka kijito: amepata ajali njia ya Litein, na fundi ametumwa aondoe mkuki. Wengine wakalia. Kisha kijana mmoja mrefu akaniangalia vizuri akauliza, "Nani amemtuma?"

Nikasema hakuna aliyenituma. Nikasema mwenye nyumba yuko hai. Nikasema nimekuja kuchukua kofia kwa sababu sijalipwa. Niliyasema haraka, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikisii, na kila neno likawa baya kuliko lililotangulia. Yule kijana akasogea ukutani, akaishika ngazi, akailaza chini.

Nimefanya kazi juu ya mapaa maisha yangu yote na sijawahi kuogopa urefu. Siku ile niliogopa ardhi. Nilikaa juu ya mgongo wa paa, mguu huku na mguu huku, na kila nilipogeuka niliona panga. Walizishika tu kwa sababu walikuwa nazo kazini, najua sasa, hakuna aliyeinua. Lakini nilikuwa Mkisii mmoja juu ya bati, na watu wale niliishi nao kwa adabu, na nilikuwa nimemwua mtoto wao kwa nyundo ya kung'olea misumari. Bati likawa linalia chini yangu. Upande wa Kericho mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi.

Pikapu ikarudi.

Mwenye nyumba aliteremka na kreti ya soda mikononi, akakuta mama yake ameketi kwenye udongo, majirani wanalia naye. Alipouliza kuna nini, wanawake wakapiga kelele upya, safari hii kwa kumwona. Mmoja alikimbia kabisa. Kogo alimshika miguu, magoti, mikono, mpaka usoni. Kisha mwenye nyumba akatazama juu, akaniona, akaona mshipi wangu. Uso ulimbadilika rangi. Hakunitukana. Aliweka kreti chini polepole, akakaa juu yake.

Yule mzee wa kijiji aliyetia kidole gumba kwenye daftari alikuwa amefika. Ndiye aliyenisemesha.

"Fundi. Rudisha hiyo kitu."

"Nitarudisha, mzee. Anilipe kwanza." Nililitoa daftari kwenye mfuko, nikasoma ile mistari mitatu kwa sauti kutoka juu ya paa. "Wewe mwenyewe uliweka kidole."

"Niliweka," akasema. "Karatasi imeandika mabati. Imeandika kofia. Haikuandika mtu."

Ningeweza kushuka hapo, na laiti ningeshuka. Lakini kitu kilikuwa kimenigeukia ndani. Niliona kwamba hakuna mwingine atakayethubutu kuugusa ule mkuki. Aliyeutoa ndiye wa kuurudisha, na wote walilijua hilo. Wiki nne nilikuwa nimeomba, nimezungushwa, nimechekwa ofisini. Sasa nilikuwa nimeshika kitu ambacho hakuna afisa wa ardhi angeweza kukiandika. Nilimfikiria mke wangu akikata nyuzi. Nikasema tena, kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, "Anilipe kwanza."

Mwenye nyumba alifungua mikono. Hana. Alikuwa na mia chache za chenji. Ponasi imeisha, akasema, na akatazama chini.

Kogo akainuka. Alitembea mpaka kibanda chake cha jikoni, akakaa ndani kidogo, akatoka na kitambaa kilichofungwa mafundo. Yeye alikuwa na namba yake ya kuuzia chai kiwandani, mistari michache aliyoachiwa na marehemu, na hizo zilikuwa bonasi zake, si za mwaka mmoja.

"Ni ngapi?" akaniuliza.

"Kogo, deni si lako."

"Kijana ni yangu. Ni ngapi?"

Nilitaja. Elfu kumi na mbili. Sikuongeza shilingi, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Alihesabu juu ya nyasi, noti kuukuu zilizokunjwa zikawa ndogo kama majani ya miraa, na mzee akahesabu tena baada yake. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya kreti hatua mbili kutoka hapo. Nilimsubiri aseme, mama, wacha. Hakusema.

Nilitoa timazi kwenye mfuko, ule uzi wenye risasi tunaopimia ukuta usiiname, nikauteremsha. Kogo alifunga kitambaa chake kwenye uzi. Nikakivuta juu, pole pole, mbele ya watu wote, nikakitia kifuani. Kisha nikarudisha kofia, kipande baada ya kipande, na mwisho ule mkuki. Nilijigonga kidole gumba mara mbili. Mvua ilianza nikipigilia msumari wa mwisho. Ngazi ikarudishwa. Niliposhuka watu walinipisha, na hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenisemesha, isipokuwa Kogo, aliyesimama mlangoni amelowa.

"Asante, fundi," akasema.

Heri angenitemea mate.

Jumamosi saa tano nilikuwa Kericho. Saa tisa cherehani ilikuwa barazani, na mke wangu anaipaka mafuta akiimba.

"Amelipa?" akaniuliza.

"Amelipa."

Uongo mdogo, nilijiambia. Nusu yake ilikuwa kweli, maana nilikuwa nimelipwa. Hadithi ya paa ilifika sokoni, bila shaka, lakini ilifika ikiwa kichekesho cha mtu aliyekuta matanga yake mwenyewe na kreti ya soda mkononi, na nilimwacha mke wangu aicheke na wengine.

Wiki ya tatu Kogo alikuja barazani kwa mke wangu kurekebishiwa gauni. Mimi sikuwepo, nilikuwa nachimba msingi Merigi. Niliporudi alasiri ile nilikuta cherehani imefunikwa, na mke wangu ameketi kando yake mikono mitupu. Vitambaa vya sare vilikuwa vimerundikwa rafuni, vya shule tatu nzima.

"Imeharibika?"

"Nzima."

Aliinua kile kibati cha chini ya sindano. Palipokaa kile kichuma kinachobeba bobini palikuwa tundu. Bila hicho uzi wa chini haupandi, na cherehani ni meza tu.

"Nimempa Kogo," akasema. "Nimemwambia akae nacho mpaka mume wangu amrudishie pesa zake."

Nilipiga kelele. Sitayarudia niliyoyasema, majirani waliyasikia, wanatosha. Nilimwuliza kama anajua Januari ni lini. Nilimwuliza deni lilikuwa la nani, nani alijenga ile nyumba, nani alizungushwa. Yeye aliniacha nimalize, kama kawaida yake.

"Deni lilikuwa la mwanawe," akasema. "Nenda ukamdai mwanawe. Wewe ulimwambia mama wa mtu amnunue mtoto wake kwako, ukavuta pesa kwa kamba. Mimi mama yangu akifanyiwa hivyo? Na mimi niimbe?"

Hapo nilikaa chini. Hasira iliisha, na kilichobaki kilikuwa aibu.

Nilifanya kila kazi niliyoipata. Vyoo, mabwawa ya kuogeshea ng'ombe, kaburi la zege la mtu nisiyemjua. Mke wangu alishona vifungo kwa mkono na kurudisha malipo ya kwanza ya sare, shule moja, kisha ya pili. Hatukugombana tena, na huo ulikuwa ugomvi mbaya kuliko wote. Wiki ya mwisho ya likizo, na oda moja tu imebaki, nilivuka kijito na elfu kumi na mbili mfukoni.

Kogo alikuwa anachuma. Nilimsalimu kwa lugha yake, Takwenya, akaitikia, Igo. Nilimwambia nimeleta pesa zake. Akarudi nyuma hatua moja, mikono akaificha chini ya leso.

"Hapana. Hiyo pesa ilinunua kijana yangu. Ukirudisha, yeye anarudi wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Niliomba. Nilieleza. Kila nilipoinyosha mikono alisogea, mpaka tukawa tunazungukana katikati ya chai, mimi nikimfukuza mwanamke mzee kwa noti. Alikuwa anaogopa kweli. Nilisimama.

"Kogo," nikasema, "basi sirudishi kitu. Nimekuja kununua. Una kichuma cha cherehani, sivyo? Niuzie."

Alinitazama. Taratibu mikono ikatoka chini ya leso. Alikifungua kwenye pindo, alikuwa akitembea nacho, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Ni ngapi?" akauliza, sauti ileile.

"Elfu kumi na mbili."

"Ni kali," akasema, na nikaona meno yake mawili. "Lakini chukua."

Mke wangu alikipachika, akavuta kiti, akaanza kushona, na niliusikiliza mlio ule nikiwa nimeegemea mlango mpaka akaniambia nimemzibia mwanga. Zilibaki siku nne shule zifunguliwe. Alimaliza zote.

Kwa hiyo mwenye nyumba bado ana deni langu. Hunilipa mia mbili, mia tatu, bonasi ikiwa nzuri. Mwaka mwingine hunilipa maneno. Hati ya shamba ingali ya marehemu, daftari langu limeliwa na panya, na yule mzee wa kidole gumba tulimzika. Hakuna kinachomshikilia mtu yule kwangu ila pumzi yake mwenyewe. Kijijini wako wanaosema mpaka leo kwamba yule Mkisii aliwahi kumtakia kifo. Wasiojua. Hakuna mtu katika bonde lile, hata mama yake, anayemwombea maisha marefu kama mimi.